Siku Tisini na Nne Bila Tukio

Mimi ndiye niliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wanafunzi, na kabla mtu hajacheka, naomba nieleze jinsi nilivyoupata wadhifa huo bila hata kuuomba.

Mkuu wetu wa shule tunamwita Takwimu, kwa sababu hawezi kukuamkua bila kukutajia asilimia ya kitu fulani. Aliniita ofisini wiki moja baada ya lile suala la saa. Suala lenyewe lilikuwa dogo: niliisogeza saa ya ofisi mbele kwa dakika arobaini, shule nzima ikafunga vipindi mapema, na walimu ndio waliotangulia kufika langoni.

"Fisi kuna njia mbili za kumdhibiti," alisema Takwimu, akivua miwani. "Kumfukuza, au kumkabidhi bucha. Ya kwanza nimeijaribu mara mbili, baba yako akakurudisha."

Hivyo nikakabidhiwa bucha.

Bucha yenyewe ilikuwa jiko. Shule yetu hupikia haidrojeni. Juu ya paa la bwalo kuna paneli za jua, nyuma ya jiko kuna mtambo unaoyatenganisha maji, na gesi inayotoka humo huhifadhiwa kwenye mitungi mirefu, kisha hupita bombani mpaka chini ya masufuria ya watu mia sita. Ni gesi safi kuliko roho zetu. Haina rangi, haina harufu, na mwali wake mchana hauonekani. Ni nyepesi mno, hivyo ikivuja hupanda juu na kujikusanya darini, ikingoja cheche. Fundi wa mtambo alitufundisha haya yote siku ya kwanza. Mimi niliyaandika kwa mwandiko mzuri na sikuyafikiria tena.

Anayewasha jiko hilo kila asubuhi kabla ya kengele ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Ni mpishi mkuu. Mbele za watu tulikubaliana nimwite Mama Mpishi kama wenzangu, asije akaambiwa ananipendelea. Alitii makubaliano hayo vizuri kupita kiasi. Nyama yangu siku zote ilikuwa mfupa.

Kazi ya Mwenyekiti ilikuwa moja tu ya maana: kubadilisha namba kwenye ubao uliotundikwa mbele ya bwalo. SIKU, halafu tarakimu za bati, halafu BILA TUKIO. Takwimu aliahidi mbele ya gwaride kwamba ubao ukifika mia, shule nzima itakwenda nyumbani siku nne. Lakini king'ora cha gesi kikilia hata mara moja, tunaanza sifuri.

Kiliwahi kulia siku ya kumi na mbili. Fundi alikaza nati moja kwa dakika ishirini, mambo yakaisha. Kidato cha Nne hawakumsalimia kwa wiki mbili.

Ndipo tukafika siku ya themanini na moja. Nilikuwa jikoni saa ya mapumziko na rafiki yangu Kipimajoto, aitwaye hivyo kwa sababu makazi yake halisi ni zahanati ya shule. Kigunduzi cha gesi, kile kidude cheupe kilichobanwa darini chenye king'ora ndani yake, kikatoa mlio mfupi. Kip. Kikanyamaza. Kip.

"Kitaamka hicho," alinong'ona Kipimajoto.

Kamati ikakaa kwa dharura. Ilijadili kwa kina, ikaamua kwamba ule ni mvuke wa maharage, na ikapitisha azimio kwa kauli moja. Kamati ilikuwa mimi juu ya meza na Kipimajoto aliyeishika meza isiyumbe. Nikavua soksi ya kushoto, nikakivika kigunduzi mpaka shingoni, nikaifunga fundo. Kikatulia kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Siku kumi na tatu zilizofuata nilibadilisha bati kwa unyenyekevu mkubwa.

Siku ya tisini na nne, Fundi aliniita jikoni. Shangazi alikuwa stoo akipima unga. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiko, sifongo mkononi na ndoo ya maji ya sabuni kando yake.

"Mwenyekiti, tazama hapa."

Aliyakamulia sabuni maungio ya bomba. Mapovu yakachipuka, makubwa, ya rangi ya upinde wa mvua, yakapasuka, mengine yakaja.

"Mazuri," nilisema.

"Mazuri kaburini. Gesi inatoka hapo. Nimemwambia Mkuu jana."

"Akasemaje?"

Fundi alinyanyuka, akaivuta sauti ya Takwimu kama aliyozaliwa nayo. "'Fundi, tukio ni kitu kilichotokea. Hapa kimetokea nini? Hilo si tukio, hayo ni mapovu. Utayashughulikia siku ya mia na moja.'" Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Nami nina watoto wanne na mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nikanyamaza. Ila kinachonisumbua si Mkuu. Ni kigunduzi. Kwa mapovu haya kingekuwa kimelia zamani."

Akainua macho darini. Mimi nikayainamisha yangu.

Soksi zote za shule yetu hushonwa namba ya mwenyewe, zisipotee dobi. Fundi alipanda mezani, akaisoma polepole bila kuigusa.

"Mbili, moja, saba. Huyu ni nani?"

"Mwenyekiti," nilisema.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alishuka akakaa juu ya gunia.

"Unajua kigunduzi kile kikilia, valvu ya nje inajifunga yenyewe? Umekifunga mdomo na mikono pia. Na anayekuja hapa asubuhi na kiwashio mkononi ni nani?"

Nilijua ni nani.

"Ana bahati kioo cha dirisha lile la juu kimevunjika. Gesi inapata pa kutokea. Kisingevunjika, sisi tusingekuwa tunazungumza."

Kwa ajili ya kumbukumbu rasmi, naomba ijulikane kwamba kioo hicho ndicho kilichokuwa hatari namba moja katika ripoti yangu ya mwezi. Kilipangwa kuzibwa keshokutwa, kwa juhudi zangu binafsi.

Nilimfuata Shangazi stoo. Nilimweleza yote, hadi soksi. Nilitegemea makofi. Yeye aliendelea kupima unga.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Sita, Shangazi. Lakini..."

"Binti yangu anajifungua wiki ijayo. Mimba ya kwanza ile. Likizo yangu Mkuu kaifunga pamoja na hizo siku zenu nne. Msipokwenda nyinyi, siendi mimi."

"Shangazi, jiko linavuja."

"Nimesikia, siyo kiziwi. Siku sita si nyingi. Nitakuwa nawasha polepole."

"Haliwashwi polepole! Ama limewaka ama..."

"Ama nini? Malizia."

Nimeshawahi kuwadanganya walimu, viranja, daktari mmoja na baba yangu mzazi bila kupepesa, lakini neno hilo moja lilikwama.

"Nenda darasani," alisema. "Na usinitie mkosi mdomoni mwako."

Nilitoka stoo. Darasani sikwenda. Jikoni maharage ya mchana yalikuwa yamewekwa tayari, masufuria matatu, na kiwashio kilikuwa juu ya rafu pale anapokiwekaga. Fundi alikuwa keshaondoka, na wasaidizi walikuwa nje wakiosha sahani. Nikapanda mezani, safari hii hakuna wa kunishikia, nikafungua fundo.

Kama kuna mtu hajawahi kusikia kidude kilichozibwa mdomo siku kumi na tatu kikisema yote kwa mpigo, basi aulize kijiji cha jirani. Nje valvu ikajifunga, pau! Watoto wa Kidato cha Kwanza wakaruka madirishani ingawa milango ilikuwa wazi. Ndani ya dakika tatu watu mia sita walikuwa uwanjani kwa mistari, wakiniangalia nikitoka jikoni na soksi moja mkononi.

"Kuna nini?" aliuliza Takwimu, akihema.

"Tukio, Mkuu."

"Tukio gani?"

"Gesi inavuja nyuma ya jiko tangu siku ya themanini na moja. Kigunduzi kilitaka kusema, nikakivalisha hii."

Sauti nzito ikatoka mistari ya Kidato cha Nne: "Tutakuzika wima!"

"Siku tisini na nne," Takwimu alisema taratibu, kama mtu anayesoma jina la marehemu. "Asilimia tisini na nne."

Akanielekeza ubaoni kwa kidole. Niliondoa bati la tisa, nikaondoa la nne, nikatundika yai.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitegemea, na Takwimu hata kidogo. Kwa kuwa ubao ulishakuwa sifuri, hakukuwa na kitu cha kulinda tena. Mlinzi wa lango akakohoa, akasema kwamba, maadam imeshaharibika, yeye huchajia simu yake ndani ya banda la mitungi. Mwalimu wa maabara akakumbuka kwamba kipimo chake cha mgandamizo kina mwezi kimeganda. Dobi akataja anayevuta sigara nyuma ya mtambo, na aliyetajwa akamtaja mwenzake. Kiranja mkuu akatoa mfukoni ufunguo wa mlango wa dharura, ambao alikuwa ameufunga kwa kufuli ili tusitoroke. Mpaka jioni Fundi alikuwa ameandika kurasa nne. Makosa kumi na manne, yote ya zamani, yote ya siku zile tulizokuwa salama.

Takwimu aliandikia bodi ya shule kwamba matukio yameongezeka kutoka sifuri hadi kumi na nne, sawa na ongezeko la asilimia elfu moja na mia nne, tangu Mwenyekiti aingilie kati. Asilimia kutoka sifuri haipigiki, lakini haikuwa siku yangu ya kumsahihisha mtu hesabu.

Bodi ikalifunga jiko siku nane. Nikavuliwa uenyekiti, nikavishwa shoka. Shangazi alirudi kupikia kuni nje, watu mia sita, moshi ukimfuata kila anakohamia. Mimi nilipasua, yeye alipika, na hakunisemesha. Siku ya nne aliketi juu ya gogo nililokuwa nataka kulipasua, macho mekundu.

"Kajifungua jana," alisema. "Wa kike. Nimeletewa picha kwenye simu."

"Hongera, Shangazi. Na... pole."

"Pole ya nini? Picha ina pua ya baba yako. Mtoto kaanza maisha na deni." Akafuta macho kwa kanga, nikajiambia ni moshi. "Pasua, unaniangalia nini?"

Siku ya tisa Fundi aliweka maungio mapya, akayapaka sabuni mbele ya watu watatu wa bodi. Hakuna povu hata moja. Kigunduzi kikajaribiwa kikalia, valvu ikafunga, ikafunguliwa. Takwimu alihutubia kwa dakika kumi na moja kisha akawapeleka wageni ofisini. Fundi akakusanya vifaa vyake akawafuata. Nikabaki na Shangazi. Alichukua kiwashio rafuni.

"Toka nje."

"Limepimwa, Shangazi. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Toka nje."

"Mbona wewe hutoki?"

"Mimi ni mpishi. Wewe una mama, nami sina maneno ya kumwambia." Hakuwa anafoka. Alikuwa anakitazama kiwashio. "Zile asubuhi kumi na tatu, mimi nilipokuwa nawasha hapa, wewe ulikuwa wapi?"



"Nilikuwa nimelala, Shangazi."

"Haya. Leo kaa macho."

Nilitoka nikasimama uani kwenye jua, hatua ishirini kutoka mlangoni. Wenzangu walikuwa wanapita kwenda vipindini, mmoja akanirushia neno kuhusu soksi, na mimi, ambaye sijawahi kukosa la kujibu tangu nijue kusema, nilikuwa nausikiliza mlango. Kitu kikalia ndani: ta. Kikalia tena: ta. Halafu kimya, kirefu kuliko hotuba ya Takwimu. Nilianza kwenda, nikakumbuka nimeambiwa nisimame, nikasimama, nikaanza tena.

Mfuniko wa sufuria ukagonga.

"We mbwege!" Shangazi aliita. "Maji ya chai yatajileta yenyewe? Chukua ndoo!"

Nilichukua mbili.