Hina ya Hodo Haitoki

...na huyu Hodo anasugua kama anaosha sufuria ya ugali, polepole siz, hiyo ni shavu yangu, "tulia Amondi, si daktari alitaka uso safi," ni kweli, alisema leo nikuje bila hina, miezi sita ya dawa ya kupaka imeisha, aangalie kama rangi imeanza kurudi, ikikosa tunawacha hiyo dawa... na mimi mjinga, asubuhi napaka dawa, jioni napaka dawa, halafu kila Ijumaa naingia hapa kwa Hodo, mlango wa pili kutoka kwetu, ananifunikia doa nyeupe na hina ndio watoi wa ploti wasiniite chapo nusu, chapati imeiva upande mmoja, sasa hata mimi sijui chini kuna nini, miezi sita ya kujificha mpaka nimejificha mwenyewe... na venye daktari alinieleza nilicheka, ati askari wa mwili wangu wamekuwa kama kanjo wa kaunti na wachuuzi, wanafukuza rangi na haijakosea mtu, hii dawa ya kupaka haiwafuti kazi, inawatuliza tu hapo kwa ngozi, rangi ifungue biashara tena, na wiki ya kwanza iliwasha maze, nililala nikipepea uso na kifuniko ya ndoo, mathe akashuku ni krimu ya kujichubua, nikamwambia mathe, nijichubue nini na kazi ishafanyika nusu, akacheka chai ikamtoka kwa pua... "geuka hivi," Hodo anaongeza mafuta na sukari, pamba ya kwanza nyekundu, ya pili nyekundu kidogo, ya tatu safi, sema kitu Hodo, "kuna vidoti hazitoki walahi, umeona hina yangu ilivyo kali, na wewe ulisema naichanganya na maji mob," niletee kioo, "ngoja nimalize," Hodo, kioo... naona nyeupe pembeni ya mdomo, ile ile, na ndani yake moja, mbili, tano, ngoja, saba, vidoti ndogo kama simsim, na si nyekundu, ni kahawia, kahawia ya shingo yangu, kahawia ya mathe, na kila moja imekaa pale tu kanywele kanatokea, na hina haijui kuchagua nywele, hina hupaka yote... ni mimi, hiyo ni mimi narudi... nimwambie? nikimwambia atapiga vigelegele, ploti yote ijae hapa na watoi na kuku, wacha kwanza, dakika moja iwe yangu peke yangu, mdomo unataka kucheka naubana, "mbona unatetemeka, inauma?" haiumi, endelea, "zitatoka leo, mimi ni Hodo," anachovya pamba ingine, amekunja uso kama mtu ametukanwa, na mimi namshikia shavu vizuri, sugua Hodo, sugua na nguvu zako zote...