Mtani kwenye Maziko ya Jumbe

Jumbe Mwinyimvua alikufa alfajiri ya Ijumaa, na kijiji kizima cha Mbwera kikasema hiyo ni dalili ya mtu mwema. Muharami alizipata habari akiwa kwenye bonde la mpunga. Alikaa chini palepale kwenye matope, akacheka, kisha akashikwa na uchungu. Miaka yote alikuwa akingoja mzee huyu asimamishwe mbele ya hakimu. Sasa amemponyoka, tena kwa kifo kizuri!

Muharami hakuwa mtu wa hapo. Alikuwa Mngindo wa bara, aliyekimbilia huku deltani na mkewe Thuwaiba wakati wa vita vya Mdachi na Mwingereza. Mwinyimvua zama hizo alikuwa mkubwa wa kikosi cha askari wa Mdachi. Aliingia kijijini kwa kina Muharami kutafuta chakula, akaambiwa hakuna, na kweli hakikuwapo. "Ghala halina mtama?" akasema. "Basi jazeni watu!" Watu wakasukumwa ndani, mlango ukafungwa kwa nje, paa likatiwa moto. Muharami na mkewe walikuwa wametoka kuchimba mizizi porini, wakayaona yote wakiwa wamelala kifudifudi kwenye nyasi. Mama yake alikuwa ndani ya ghala, na wadogo zake.

Mdachi akashindwa, akaja Mwingereza, naye akatafuta watu wajuao kuamrisha. Ajuaye kuamrisha kuliko Mwinyimvua ni nani? Alirudi kwao Mbwera akapewa ujumbe, ukubwa wa kijiji, na siku Muharami alipomwona akikusanya kodi, alimtambua mara moja.

Alikwenda bomani kushtaki. Bwana shauri, mkuu wa boma, alimsikiliza mpaka mwisho, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, kisha akasema, "Mambo ya Mdachi yamekwenda na Mdachi. Na wewe, nani kakuruhusu kukaa Mbwera?" Kwani amri ilikwisha kutoka: wote waliohamishwa na vita warudi kwao wakalipe kodi huko, isipokuwa yule atakayedhaminiwa na jumbe wa mahali alipo. Jumbe wa mahali alipo! Serikali nayo ina mizaha yake. Kwao Muharami hapakuwa na pa kurudi. Mashamba yalikuwa mwitu, na wenyeji waliobaki ni tembo na simba. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Alifunga mdomo, na Mwinyimvua, ambaye hakumjua, akamdhamini na kumwita mtani wangu.

Maana Wangindo na Wandengereko, wenyeji wa Mbwera, ni watani, na maziko hayaendi bila mtani. Yeye ndiye huvaa nguo za marehemu, akamwigiza mwendo na kumtukana mbele ya wafiwa, na hakuna awezaye kumkasirikia. Mbwera hapakuwa na Mngindo mwingine. Jua halijapanda, watu walikwisha kumjia Muharami.

Thuwaiba alimshika mkono mlangoni. "Usende, bwana wangu. Kesho jumbe ni mwanawe, Abdulkarimu. Akitunyima dhamana, tumbo hili nikazalie njiani?"

"Ndiyo siku pekee niliyopewa ruhusa ya kusema," Muharami akajibu. "Nataka wajue wanamzika nani."

Walimvika kanzu ya marehemu mbele ya nyumba, jeneza likiwa limewekwa kando. Alipopiga hatua za kwanza, kifua mbele na fimbo kwapani, watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Akaipata na sauti. "Ghala halina mtama? Basi jazeni watu!" Kicheko kikaripuka. Akaigiza kufunga mlango, akaigiza kutia moto, akaita kwa jina waliokuwa ndani: mama yake Mwanaidi, nduguye Kondo, nduguye Fatu. Sikudhani, mjane wa marehemu, alicheka hadi akashika ukuta.

"Si utani!" Muharami akapiga kelele. "Wallahi si utani! Huyu kamchoma mama yangu!"

Hapo ndipo walipovunjika mbavu. Kila mtani husema si utani. Machozi yalimtoka kwelikweli, na mtu mmoja akampigia makofi kwa kujua kulia.

Aliyenyamaza alikuwa Abdulkarimu peke yake. Baada ya kuzika alimvuta Muharami pembeni.

"Ni kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Baba kanihadithia kabla ya kukata roho. Alitaka msamaha, hakujua akauombe kwa nani."

Muharami akamshika mkono. "Basi waambie watu."

"Niwaambie, kisha? Bomani hawataki kusikia, na miye nitaukosa ujumbe. Sikiliza, mtani. Nitakudhamini weye, na mkeo, na huyo mtoto. Ila maneno haya utayasema kwenye utani tu. Siku utakayoyasema ukiwa Muharami, mnarudi bara."

Muharami alitaka kumtemea mate. Badala yake alimfikiria Thuwaiba akizalia kwenye mapori yale, akajichukia, akasema, "Ndiyo, bwana."

Thuwaiba alijifungua salama mtoto wa kike. Arobaini ya marehemu ilipowadia, Muharami aliitwa tena, akavikwa kanzu. Alisimama mbele ya umati, na kabla hajapiga hatua watoto walikuwa wamekwisha kuanza kucheka.

"Mtani!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Tupe ile ya ghala!"

Alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona kati ya wanawake, mtoto kifuani. Thuwaiba alikuwa akicheka na wenzake, kanga kaikaza mdomoni, macho kayainamisha chini.

Muharami akawapa ile ya ghala.