Mtani Aliyeicheka Shingo

Daktari Elisante alimwita Ruthu pembeni, akamweleza kwa upole kwamba saratani ya tezi dume ya baba yake imekwisha kusambaa. Ushahidi ni ule uvimbe wa shingoni. Ingekuwa haijatoka mahali pake wangemfanyia upasuaji. Sasa kilichobaki ni kumrudisha mzee nyumbani Zuzu akapumzike.

Ruthu alirudi wodini. Mzee Sostenes, Mgogo asiyependa kuulizwa mambo yake, alikuwa amejifunga skafu ya mtumba mpaka kidevuni. Uvimbe daktari aliuona mwenyewe; mzee hakumwambia neno kuhusu shingo. Kwao shingo nene ilikuwa sura ya ukoo, kama pua, na nani aende hospitali kuishtaki pua?

Hawajafunga mizigo, akaingia Damas, Mnyamwezi mfanyakazi wa reli, mtani wa mzee wa siku nyingi. Mtani hana adabu kwa mgonjwa, ndiyo kazi yake. Akajibwaga chini akaangua kilio cha uongo, kana kwamba mzee amekwisha kufa. Ruthu alitamani amtoe nje kwa fimbo.

Mzee, aliyekwisha kuelezwa na Ruthu, akanong'ona kwamba ugonjwa umepanda shingoni.

"Umepanda lini?" Damas akafuta machozi yasiyokuwepo. "Baba yako alikufa na shingo hiyo hiyo. Dada yako Zipora anayo. Nyinyi Wagogo mnameza viazi bila kutafuna tangu enzi za babu zenu."

Wodi nzima ikacheka. Daktari Elisante, aliyekuwa kitanda cha pili, hakucheka. Alikuja akamwomba Damas arudie, kisha akamhoji mzee, naye akakiri kwa shida kwamba uvimbe ulimwanza zamani, kabla mkojo haujamsumbua.

Sampuli zikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu yalikuja: magonjwa mawili yasiyojuana. Wa shingoni ulikuwa saratani nyingine, ya kurithi. Wa tezi dume haujatoka mahali pake. Yote mawili yakaondolewa. Ukoo mzima ukaitwa kupimwa, na shingoni mwa Ruthu kikakutwa kivimbe kidogo kama choroko, kikatolewa kabla hakijamdhuru. Ruthu alifurahi mpaka akaona haya, mtu kushangilia habari za saratani.

Siku ya kumpokea mzee, ngoma zililia Zuzu. Mzee alikwenda nyuma ya nyumba peke yake, akarudi akatangaza mbele za wageni kwamba amekojoa bila kuguna. Wanawake wakapiga vigelegele.

Damas alipofika, mzee akaifungua skafu, kovu likaonekana.

"Tafuta kingine cha kucheka, mtani. Shingo umeninyang'anya."

Damas akalitazama kovu lile, akalitazama na la Ruthu. Akafungua mdomo ajibu, machozi yakamtangulia, na safari hii yalikuwa ya kweli.