Ngazi ya Kwanza ni Baba

Jumamosi mchana, mvua ilipokatika na bati likabaki linadondosha matone yake moja moja, nyumba nzima ilikuwa kama inasinzia. Hata saa ya ukutani ilitembea kwa kujivuta. Sebuleni, juu ya karatasi kubwa iliyotandikwa mezani, mji ulikuwa umelala na mito yake ya kalamu ya bluu, na madaraja ya njiti za kiberiti, na mashujaa wawili ambao kwa macho ya mpita njia walikuwa vizibo vya soda tu. Fundi mizani alikuwa ameegemeza kidevu kwenye viganja, akivitazama vile vizibo mpaka akaviona kama vinapumua.

Mchezo wenyewe haukuwa na mshindi. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa mashujaa. Msimulizi akisema daraja limekatika, shujaa anasema nitalishika, na karatasi yake ndiyo inayosema kama ana ubavu huo. Pakiwa na shaka, dadu linatupwa. Walikuwa wameuanza wakiwa watoto, wakajiandikia kanuni zao kwenye daftari la shule, na mpaka leo walikuwa wanaucheza kila Jumamosi nyumbani kwa baba yao, ndugu watatu: fundi mizani mwenyewe, mwenye miaka arobaini na ushei; mdogo wake kinyozi, aliyekuwa na upara ambao kwa kazi yake ni aibu; na kitinda mimba wao, mwalimu. Majirani waliona ni wehu. Waache waone.

Ila siku hizi mchezo ulikuwa unawafia mikononi. Kwa kanuni yao, nguvu za shujaa hupanda kwa ngazi, na kila ngazi ni mara mbili ya ile iliyo chini yake. Ukisikia hivyo unaona ni jambo dogo, kumbe ndiyo balaa lenyewe, maana mara mbili ya mara mbili haina breki. Shujaa wa kinyozi alikuwa amefika ngazi ya thelathini na anabeba mlima begani kama mtoto. Sasa mtu wa namna hiyo utamtisha na nini? Ukimwambia mto umefurika, anaunywa. Akipiga chafya, mji unaanguka, na kazi yote ya wiki ya mwalimu, njiti kwa njiti, imekwenda na maji. Mwalimu alikuwa ameshanuna mara mbili. Siku hiyo hawakucheza kabisa, wakabaki wanalikagua daftari, wakitafuta walipokosea.

Na walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mlango wa pili wa kushoto.

Nyuma ya mlango ule kulikuwa na Baba. Kiharusi kilimpiga miezi minane nyuma. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Muuguzi aliyekuwa akija kila Jumatatu hakuwaficha kitu: mkono usipofanyishwa kazi kabla ya mwaka kwisha, utalala moja kwa moja. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi chumbani na kuutia ule mkono mfukoni. Hakutaka kuinua chochote mbele ya mtu. Chakula alikula peke yake, mlango umefungwa, kwa mkono wa kushoto. Watoto walibembeleza mpaka midomo ikakauka. Fundi mizani aliumia kuliko wote na hakumwambia mtu. Usiku alihesabu miezi iliyobaki, na ilikuwa minne.

Huyu ni mtu aliyekuwa kuli kwenye ghala miaka thelathini na miwili. Kule walimwita Kreni. Wanawe walipokuwa wadogo walidhani ni jina tu, kama watu wengine wanavyoitwa majina yao.

Basi mlango ukafunguka. Wote watatu wakageuka. Baba alisimama pale, mkono mfukoni, nywele zimelala upande mmoja kwa usingizi wa mchana, akawatazama kama mtu aliyeamkia nyumba ya jirani. Akauliza kama kuna kiti. Kinyozi nusura aangushe meza kwa haraka ya kumvutia kimoja. Baba akakaa, akasema kwa miezi minane amekuwa akiusikia huo mchezo wao kupitia ukutani, amewasikia wakivunja miji na kugombana, na ameona afadhali na yeye acheze kuliko kulala anasikiliza makelele.

Fundi mizani alimtazama, kisha akalitazama daftari. Furaha ilikuwa moja, hofu zilikuwa mbili. Mwalimu, ambaye kwenye mambo ya kanuni ni mwalimu hata siku za mapumziko, alishavuta daftari na kuanza kueleza kwamba shujaa mpya huanzia chini, ngazi ya kwanza, yaani mtu wa kawaida. Fundi akamkanyaga mguu chini ya meza. Mwalimu akashangaa, akasema wewe nawe unanikanyagia nini. Wakati wanatazamana, Baba alikuwa ameshaligeuza daftari upande wake.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa na fundi mwenyewe akiwa na miaka kumi, kwa kalamu ya risasi iliyotafunwa. Juu kabisa: 1 = Baba. Chini yake: gunia moja, kilo mia. Baada ya hapo, 2 = magunia mawili, 3 = magunia manne, na kuendelea mpaka milimani.

Hawakuwa na nia mbaya. Siku wanaandika kanuni walihitaji kujua mtu wa kawaida ana nguvu kiasi gani, na hawakuona haja ya kumuuliza yeyote. Mtu wa kawaida walikuwa naye nyumbani. Walikuwa wamemwona ghalani akijitwisha gunia begani na kupanda nalo ubao mpaka juu ya lori, huku anapiga mbinja.

Baba alisoma, akarudia. Matone ya bati yakaendelea kuhesabu. Kisha akalisukuma daftari taratibu kwa mkono wa kushoto.

"Huyu hayupo tena," akasema, na akaanza kuinuka.

Hapo ndipo fundi mizani alipouona ule mlango wa kushoto kwa mara ya kwanza kama ulivyo. Ulikuwa wazi, giza la chumba limekaa ndani linasubiri, na alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba Baba akiuvuka saa hii hatatoka tena kwa sababu yao. Kinyozi akakurupuka kuokoa jahazi. Akasema hapana, Baba si wa kuanzia moja, Baba aandikwe thelathini, apewe milima, apewe na mwezi akitaka, kwani kalamu ni ya nani? Alisema kwa mapenzi, masikini, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Baba alimtazama bila hasira. Akasema yeye hajafika umri wa kudanganywa na watoto aliowazaa. Kisha akamgeukia fundi, akiwa bado amesimama nusu.

"Wewe kazi yako ni nini?"

"Kupima mizani, Baba."

"Basi nipime. Niandikie mimi wa leo."

Miaka kumi na tisa fundi alikuwa akizunguka maduka na maghala na sanduku lake la mawe ya mizani, na jambo moja alilijua kuliko jina lake. Ukikuta mizani inasema uongo kule juu, usihangaike na juu. Rudi chini, sahani ikiwa tupu, uanze na jiwe dogo kuliko yote. Wala huionei haya mizani, wala huionei huruma, na huikemei. Alikata shauri. Akaenda kabatini, akatoa mizani yake ndogo ya kazini, akaiweka katikati ya mji wa karatasi. Kisha akaleta kikombe cha maji na kukiweka mbele ya Baba. Hakukijaza sana wala hakukipunguza.

Baba alikaa. Hata vizibo vya soda vilikuwa kama vimegeuka kutazama. Akautoa mkono mfukoni. Ulikuwa umekonda, vidole vimejikunja kidogo kama vya mtu aliyelala. Akavipeleka kwenye kikombe kimoja kimoja, akavibana, akavuta pumzi. Kikombe kikaachana na meza. Maji yakacheza, mengine yakamwagika na kufurikia mto wa kalamu ya bluu, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia, ingawa mwalimu alikuwa amejiuma mdomo. Kikafika kifuani. Kikashuka, kikatua kwa kishindo.

Fundi mizani akakichukua na yale maji yaliyobaki, akakipima. Nusu kilo kamili. Akafungua ukurasa mpya, akaandika: 1 = Baba, nusu kilo. Hakusema pole wala hongera. Akaanza kupanda ngazi, kama kanuni inavyotaka, mara mbili kila hatua. Mbili, kilo moja. Tatu, kilo mbili. Nne, kilo nne. Alikuwa anaandika na kichwa kimeanza kuelea, maana mji wote wa mezani ulikuwa unajipanga upya chini ya kalamu yake, kila kitu kinarudi mahali pake. Tano, nane. Sita, kumi na sita. Ndoo ya maji sasa ilikuwa kazi ya shujaa. Mto ukifurika, utaogopwa. Saba, thelathini na mbili. Nane, sitini na nne.

Alipofika ya tisa, mia na ishirini na nane, kalamu ikasimama.

Alimwona Baba anakuja kutoka ukingo wa karatasi, mdogo, kijana, gunia begani, anapita katikati ya madaraja ya njiti akipiga mbinja, na mashujaa wanampisha njia. Alimwona akipanda ubao, akishuka, akipanda tena, mchana kutwa. Alitazama kilo mia kwenye ukurasa wa zamani, akatazama ngazi ya tisa kwenye ukurasa mpya, na ndipo akajua walikosea wapi. Walikuwa hawajakosea huko juu, kwenye milima. Walikosea kwenye mstari wa kwanza.

Akamwelekezea Baba daftari. Akamweleza kwamba kwa kipimo cha leo, mwenye kubeba ndoo ya maji tu ameshakuwa shujaa wa ngazi ya sita, na kwamba lile gunia moja linadai ngazi ya tisa. Kila gunia, kila siku, miaka thelathini na miwili.

Baba alilitazama lile jedwali kwa makini ya mtu anayesoma barua.

"Na nyinyi mkaniandika wa kawaida," akasema.

"Tulidhani baba wote wako hivyo," fundi akajibu, na hapo akalia, hakujizuia. Kinyozi alikuwa ameshatangulia kulia zamani.

Baba hakulia. Alitikisa kichwa polepole, tumbo likaanza kucheka kabla ya uso, kicheko kidogo chenye kukwaruza ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia miezi minane. Akasema kumbe amezaa watoto wajinga. Kisha akaweka kidole cha kushoto kwenye ukurasa mpya, mstari wa kwanza, akakishusha mstari mmoja.

"Hapa mbili, umesema ni nini?"

"Kilo moja, Baba. Vikombe viwili."

Akakitazama kile kimoja kilichokuwa mbele yake.

"Leteni kingine."

Mwalimu alikuwa ameshafika jikoni. Baba akauweka mkono wa kulia mezani, kiganja juu, akasubiri.