Kwa Nini Hawakuondoka Pamoja

Tuliuona mgongo wake mapema mno.

Alikuwa anapanda kilima kati ya mashamba ya miwa, amelalia usukani wa baiskeli, mikungu miwili ya matoke imening'inia nyuma huku na huku kama masikio ya ng'ombe. Hesabu ilisema tutamkuta ndani ya msitu wa Mabira, kwenye giza la miti, mahali pasipo na mtu. Hapa palikuwa na jua tupu, na ng'ambo ya kilima kulikuwa na kizuizi cha askari.

Mguu wangu uliachia mafuta wenyewe.

"Usisimame," alisema Mwalimu Aber. Hakugeuza hata shingo. "Endesha, Wanyama."

Nikampita mume wake kwa upana wa mkono. Vumbi letu likammeza.

Mimi ni mtu wa Bungoma, na shule nimeisoma vipande vipande: miaka miwili misheni, mmoja Kitale, halafu lori likanichukua. Mwaka ule wa sabini na saba nilikuwa nabeba matoke kutoka Kampala hadi Busia, mpakani, na jioni nisizokuwa safarini nilisoma mtaa wa Nateete, mle mle Kampala, na watu wazima wenzangu, katika chumba kilichonuka mafuta ya taa. Mwalimu Aber alitufundisha hesabu. Kuna moja iliyonitesa. Gari la kwanza linaondoka Kampala, la pili linafuata baadaye kwa mwendo mkubwa zaidi; yatakutana wapi? Pale usipojua weka x, alisema Mwalimu, kisha ishi naye kana kwamba unamjua.

"Mwalimu," niliuliza, "kwa nini hawakuondoka pamoja? Si wangekula pamoja njiani, hesabu ikaisha?"

Kulusum, muuza samaki, alipiga meza. "Jamani, Wanyama anataka magari yashikane mikono!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka akafuta macho.

Alinijibu mwezi wa pili. Mume wake, Olanya, alikuwa inspekta wa polisi, Mwacholi, na wiki zile watu wa kwao walikuwa wanaitwa ofisini wakiwa na kofia zao kichwani, wasirudi, wao wala kofia. Mwalimu aliniita kwao Bugolobi, mapazia yamefungwa mchana.

"Njia zote za kutoka mjini askari wana jina lake," alisema. "Wanatafuta inspekta ndani ya gari, na mke wake. Mchuuzi wa baiskeli hawamtafuti. Ndiyo maana hatuondoki pamoja, Wanyama. Mimi kipande changu cha utambulisho kina jina la baba. Nitakaa na wewe mbele."

"Basi atungojee msituni."

"Anayesimama kando ya barabara huulizwa. Anayekwenda haulizwi. Hata lori lako likisimama mle, utaulizwa wewe."

Kwa hiyo ilibidi wakutane wote wawili wakiwa wanakwenda. Baiskeli ingetoka saa kumi na mbili alfajiri, maili nane kwa saa. Lori saa tatu, maili ishirini na nne. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika: x ni saa moja na nusu. Maili ya thelathini na sita, katikati ya Mabira, baada ya kizuizi na kabla ya daraja la Jinja, ambako hata wa baiskeli huulizwa jina; pale angepanda lori, chini ya matoke. Olanya aliitazama ile x kama mtu anayeonyeshwa kaburi na kitanda kwa pamoja, asijue kipi ni chake.

Lakini zile maili nane zilipimwa Jumapili, baiskeli ikiwa tupu. Matoke aliyaongeza Kulusum alfajiri ile ile, kwa wema wake, ili Olanya aonekane mchuuzi kweli. Hakuna aliyekumbuka kuyatia kwenye hesabu.

Sasa Mwalimu alichora x kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. "Tumempita kwenye maili ishirini na nne. Ametumia saa nne. Basi anakwenda sita kwa saa. Msituni atafika lini?"

"Saa sita mchana," nikasema. "Sisi tukienda tu, tutafika saa nne na nusu."

"Malizia."

Naapa, alinisubiri kama tuko Nateete. Jasho lilikuwa linanitoka.

"Tupoteze saa moja na nusu."

"Wapi, bila kuulizwa?"

Tulikuwa juu ya kilima. Chini yetu mapipa yalikuwa yamepangwa barabarani, na askari wamekaa kivulini.

"Pale pale wanapouliza," nikasema.

Akaifuta x kwa kiganja.

Nililizima lori mbele ya mapipa, nikafunua boneti, nikalegeza bomba la mafuta. "Afande, gari imekufa."

"Wewe Mukenya, gari yako kama bibi muzee!" Alikuwa kijana mrefu, bunduki mgongoni. "Na huyu mwanamuke?"

"Abiria wangu, afande. Anaumwa."

Alikitazama kipande cha Mwalimu, akakirudisha. "Tengeneza. Hapana lala hapa."

Mimi kukaa sijui. Hata kanisani husimama mlangoni. Siku hiyo nilikaza kilichokazwa, nikafungua nilichokaza, na jua likanipigilia pale kama msumari. Askari walikula ndizi zangu, wakanifundisha ufundi. Ndipo Olanya akatokea, anasukuma baiskeli kwa miguu.

"Wewe ya matoke! Kuja hapa!"

Alikuja. Mke wake alikuwa anatazama kucha zake. Olanya aliinamisha kichwa, yeye ambaye askari kama huyu walikuwa wakimpigia saluti, na kijana akakata kamba ya mkungu mmoja.

"Hii ya serikali. Enda."

Baiskeli iliyumba upande mmoja, ikakaa sawa, ikaondoka. Nikaenda dirishani kuomba kitambaa. Midomo ya Mwalimu ilikuwa inacheza.

"Saba," alinong'ona. "Mzigo umepungua, sasa atakwenda saba. Punguza robo saa ya kungoja."

Tulimkuta gizani mwa Mabira, anakanyaga pedali, hakugeuka hata aliposikia lori. Barabara ilikuwa tupu. Baiskeli niliitupa vichakani, yeye akapanda nyuma, nikaanza kumfunika kwa mikungu. Mwalimu naye akashuka, akashika ubao wa lori.

"Mwalimu, wewe una kipande. Kaa mbele."

"Hapana," alisema, mguu mmoja uko juu tayari. "Kutoka hapa tunaondoka pamoja."

Niliwafunika wote wawili.

Darajani askari alichungulia kiti kilicho wazi kando yangu. "Uko peke yako?"

"Peke yangu, afande."

Alipiga mlango kwa kofi, nikapita. Busia walishuka wamejaa utomvu, weusi mikono na mashavu, na ile mikono ilikuwa imeshikana. Kulusum hakuwapo kucheka.

Kampala sikurudi. Nimeendesha Lodwar, Juba, Goma, nikaishi penye kazi na kuondoka kabla majirani hawajalizoea jina langu. Kila kizuizi hunichungulia, kila kizuizi huuliza lile lile. Najibu niko peke yangu, na kabla sijakanyaga mafuta, hutega sikio kidogo, nyuma, kwenye mzigo.