Alama ya Sikio la Kushoto

Kisu kilikwaruza jiwe huko nje, taratibu, na giza lilikuwa bado halijaachia dirisha. Kabula alilala macho, mkono wake juu ya mgongo wa mwanawe Doto, akisikiliza. Hapakuwa na mbuzi wa kuchinjwa siku hiyo. Alijua kisu kile kinakwenda kwenye masikio ya nguruwe wake.

Juzi baba mkwe wake, mzee Mayige, alipita karibu na banda akaona. Nguruwe tisa walikuwa na mkato wa pembetatu kwenye sikio la kushoto, na chini yake tundu dogo. Alama ile ilikuwa ya ng'ombe wa ukoo wake tangu kwa babu yake. Ng'ombe akipotelea hata Mwandoya, watu wakiliona sikio wanajua wamrudishe kwa nani. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Jumamosi alama yangu itoke kwa hao wanyama. Isipotoka, nitaitoa pamoja na sikio."

Leo ilikuwa Jumamosi. Na leo alikuwa anakuja Violeth, mtafiti wa chuo kikuu. Masikio yakikatwa hakuna tena wa kujua nani ni nani, na daftari la miaka miwili limekwenda na maji.

Daftari lenyewe lilianza kwa sababu ya Kulwa. Kulwa na Doto walinyonya ziwa moja, wakanywa maji ya ndoo moja. Kuhara kulipoingia nyumbani, Kulwa alifariki ndani ya siku nne. Doto hakulegea hata siku moja. Kila aliyekuja kutoa pole alikuja na maelezo yake, na hakuna hata moja lililomkaa Kabula moyoni. Baadaye mumewe, Marcelo, alimnunulia majike wawili wa nguruwe kabla ya kwenda na ng'ombe Meatu, na swali lile lile likamfuata hadi bandani. Watoto wa Jirani, jike aliyetoka nyumba ya pili, walikuwa wakiachishwa ziwa tu wanahara na kuvimba macho. Watoto wa Binza, jike aliyenunuliwa Binza kule Maswa, walikula pumba zile zile, wakalalia uchafu ule ule, wakanenepa. Uzao wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Kabula akaandika. Ili asichanganye, akawatia watoto wa Binza alama, na mkono wake uliijua alama moja tu, ile aliyoona ndama wakitiwa tangu alipoolewa. Alidhani kilicho cha nyumba kinatiwa alama ya nyumba.

Mwalimu Dastan wa masomo ya jioni ndiye aliyezipiga picha kurasa zile akazituma chuoni. Violeth akaja, akachukua vipimo, akaondoka navyo.

Kabula alijifunga kanga, akatoka, akapiga goti kumwamkia mzee.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu." Kisu hakikusimama.

"Baba, naomba wageni wafike kwanza."

"Wageni wa nguruwe."

"Ndiyo, baba."

"Nimepokea wageni wa ng'ombe, wageni wa mahari, hata wageni wa kura. Wa nguruwe sijawahi." Akajaribu makali kwa kidole gumba. "Unajua mnadani wananiuliza nini? Mayige, eti fahali wako wameanza kuguna?"

Kabula aliuma mdomo asicheke. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na lilikuwa linamuumiza mzee kweli.

"Wafike," mzee akasema. "Kisu hakiozi."

Violeth alifika saa mbili, na mabuti yake ya mpira. Alimsalimia mzee kwanza, kwa Kisukuma cha kubabaisha, ndipo akamgeukia Kabula.

"Mama Doto, uliona sawasawa. Wote tisa wenye alama wako tofauti na wale wengine."

"Tofauti nini?" Mayige akadakia.

"Mzee, miili yetu imejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli imevaa sukari kwa nje. Si ya chai hiyo, ni ya aina yake. Sasa, pamba ikigusa sweta inafanyaje?"

"Inang'ang'ania."

"Na ikigusa mfuko wa nailoni?"

"Inateleza."

"Basi kijidudu cha kuhara ni hiyo pamba. Utumbo wa watoto wa Jirani una sukari ambayo kinaishika. Watoto wa Binza hawana sukari hiyo. Kinapita, kinatoka."

"Na watu?"

Swali lile lilikuwa limekaa kooni mwa Kabula miaka miwili. Hakutegemea litatoka kinywani mwa mzee.

"Hata watu hatuvai sukari sawa," Violeth akasema. "Wapo watoto ambao baadhi ya vijidudu haviwashiki. Utumbo wa nguruwe unakaribiana na wetu, ndiyo maana tunajifunza kwake. Ila mzee, mtoto mmoja mmoja, nani alikuwa na nini, hilo siwezi kukwambia."

Mayige alimtazama Doto, aliyekuwa ameshika nguzo ya banda.

Violeth akafungua kisanduku chake. "Sasa nataka kuwapima hawa wadogo. Wa Binza ni wepi?"

Hapo Kabula aliona aibu. Majike walizaa katika wiki moja, mvua ya Jumanne ikaangusha ukuta wa katikati, na watoto kumi na saba, weupe wote, wakachanganyika kabla hajawatia alama.

"Sijui, dada. Na nisichokijua sikiandiki."

"Nina vichupa kumi tu," Violeth akasema, akikuna kichwa.

"Huyo anayetembea kama anakanyaga miba ni wa Jirani," sauti ikatoka nyuma yao. Mayige alikuwa amesimama. "Yule aliyeshusha mkia akila, wa Binza. Na yule pale. Mnanitazama nini? Kiti changu kinaelekea wapi kila jioni?"

Violeth hakukubali kirahisi. Aliwafunika masikio wale wakubwa kwa gunia, mmoja mmoja, akamuuliza mzee kila mmoja ni wa nani. Mzee hakukosea hata mmoja. Kabula, aliyedhani miaka yote mzee hugeuza uso akipita bandani, alifungua daftari ukurasa mpya.

Kisha Mayige akaingia bandani na kisu.

Alimbana mtoto mmoja wa Binza katikati ya magoti, akaligeuza sikio la kushoto kwenye mwanga. "Mkato wako mpana mno, mama Doto. Alama ya baba yangu haikatwi hivyo. Ukiitia, itie vizuri." Akanyoosha mkono kwa Violeth apewe spiriti, akafuta kisu, akakata. Pembetatu ndogo, safi, na tundu chini yake.

"Andika," akasema.

Kabula aliandika. Herufi zilitoka kubwa kuliko za kurasa zote.

Doto akapenyeza mkono kwenye fito, akaligusa lile sikio kwa ncha ya kidole.

"Hii ni alama yetu," akasema.