Utando Mweupe

Naanza kwa kumsifu Mola, aliyewasha joto katika vilindi vya ardhi akalifunika kwa miamba, akayapitisha maji humo kwa kipimo asichokijua kwa ukamilifu ila Yeye. Na rehema zimfikie Mtume wake, pamoja na watu wake wema.

Ama baada ya hayo, watu wa habari hii ni mama mmoja mjane, aliyewalea wanawe kwa kushona nguo. Binti yake mkubwa, mpima maji katika maabara ya kituo cha kufua umeme kwa mvuke wa ardhini. Na kitindamimba wake, mchimbaji wa visima vya mvuke huo, ambaye wenzake walimwita Jembe kwa kuwa hakujua kuchoka.

Kazi ya dada ilikuwa kuchota maji ya chemchemi zinazochemka na kupima jiwe lililoyeyuka ndani yake. Kadiri chini kunavyozidi moto, ndivyo maji yanavyobeba jiwe jingi. Hivyo jiwe hilo humjulisha mpimaji joto la kilindini. Lakini maji yakipoa, jiwe huganda na kushika ukuta wa chupa. Ndiyo maana desturi ya maabara ni kuyazimua kwa maji safi mengi pale pale chemchemini.

Siku moja, kabla ya kisima kipya kuchimbwa, dumu la maji safi lilisahauliwa. Jembe, aliyemwendesha siku hiyo, akaangua kicheko.

"Dada, umefuata maji ukasahau maji! Mama akisikia, utakoma."

"Funga domo, mdekaji we!"

"Turudi tukalichukue?"

"Msimamizi wenu wa uchimbaji hanipi pumzi, kila mara simu. Nitayazimua tukifika."

Gari likakwama topeni. Walipofika maabara, chupa zilikuwa baridi mkononi. Dada akazimua, akapima, akaandika kuwa joto la chini ni la wastani. Kwa neno hilo msimamizi akaamuru kisima kifungwe vali nyepesi, kizuizi cha mvuke kisichohimili nguvu nyingi.

Uchimbaji ulikuwa umekwisha shika kasi asubuhi ambayo dada alikaa kuosha chupa zile. Mojawapo haikutakata. Akasugua kwa brashi, akakwaruza kwa ukucha. Utando mweupe haukubanduka. Jiwe ambalo hakulipima lilikuwa mbele ya macho yake.

Akampigia mdogo wake simu.

"Jembe, tokeni hapo! Kipimo changu si sahihi. Chini kuna moto kuliko nilivyosema!"

"Sema tena, Dada, mtambo unanguruma."

"Vali yenu haitahimili! Kimbia!"

"Nimesikia. Kuna wawili juu ya jukwaa. Niwashushe kwanza."

"Usingoje, mdogo wangu, nakusihi!"

"Sasa niwaache, Dada?"

Simuni ikaja sauti kama ya kitambaa kipana kinachopasuliwa, kisha hapakuwa na kitu.

Wale wawili walishuka salama. Jembe, aliyesimama chini ya ngazi akiwahimiza, mvuke ulimfunika. Walipomleta, mwili wake haukuweza kuoshwa. Ngozi isingestahimili maji. Akatayamamiwa kwa udongo mkavu, akaswaliwa, akazikwa.

Baada ya watu kutawanyika, dada akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, ni mimi. Maji niliyaacha yapoe."

Mama alikunja na kukunjua shati la marehemu ambalo hakuwahi kulimaliza mkono wa pili.

"Wale wawili wana mama zao?"

"Wanao."

"Haya. Kaa, mwanangu. Usiniombe neno leo. Sinalo."

Wakakaa. Neno hilo, kwa ninavyojua, halijatamkwa bado.

Ewe Mola, mlaze Jembe mahali pa baridi, pasipofika joto. Wape subira waliobaki: mama na shati lake, wale wawili na pumzi zao, na binti huyu. Lainisha baina yao kile kilichoganda, kwani hapana akiwezaye ila Wewe. Amina.